Bahasha Tupu kutoka Migodini

Stempu ninazojivunia nimezipanga mwanzoni mwa albamu: ile ya Mjerumani yenye picha ya meli, niliyoibandua kwenye karatasi kuukuu za biashara za babu, na yule twiga wa mwanzo wa Waingereza. Wageni nawaonyesha hizo. Kurasa za mwisho simfungulii mtu, maana ataniuliza, na nikimjibu ataniona nimerukwa na akili.

Enzi za Mwingereza nilikuwa msichana wa dukani, Sumbawanga. Baba aliuza vitambaa, chumvi na mafuta ya taa, na kaka yangu alikuwa na lori. Sanduku letu la posta lilikuwa kama la watu wote; barua za Mpui na Chala zilipitia kwetu. Kwa kuwa nilikuwa nimesoma kidogo, kazi ya kuandika anuani iliniangukia mimi, na ujira wangu ulikuwa stempu. Nilizilowesha kwenye bakuli mpaka zikabanduka zenyewe, nikazianika juu ya gazeti. Baba hakupenda hata kidogo.

"Mji wenyewe jina lake linasema tupeni uchawi," aliniambia, "na wewe unaniwekea ndani vichwa vya wafalme waliokufa!"

Siku moja walikuja mume na mke, wakulima wa ulezi kutoka upande wa Mpui, Wakatoliki, wote wawili hawajui kusoma. Mume alikuwa anakwenda kwenye migodi ya shaba, Rodeshia. Walikuwa na shauri lao: niwaandikie bahasha, zote za kumjia mke kupitia sanduku letu, na mume aondoke nazo. Akiwa mzima, mara kwa mara atabandika stempu na kutia posta bahasha tupu. Mke akiiona, amepata salamu. Nilicheka, halafu nikaacha kucheka, kwa sababu shauri lilikuwa zuri. Niliandika mpaka mkono ukaniuma.

Bahasha zikaanza kurudi, kwa mwandiko wangu mwenyewe. Sikuzoea kamwe kupokea kitu nilichokiandika mimi kutoka mahali nisipopajua. Nilikuwa sijamwonyesha yule bwana pa kubandika stempu, basi yeye aliziweka chini, kona ya kushoto, mfalme kichwa chini. Zote hivyo hivyo. Sikuzilowesha hizo, nilizihifadhi nzima, stempu na muhuri wa posta pamoja, na mama yule, mkewe, hakuona vibaya. Yeye alikuja, akapiga makofi mepesi ya salamu kama ilivyo desturi ya kwao, akaitazama bahasha, akapitisha kidole juu ya stempu, akaenda zake akiwa mwepesi.

Kisha jirani yao aliyekuwa na yule mume migodini akarudi. Alisema mwamba ulimwangukia mwenzake, na kwamba yeye mwenyewe alishika miguu wakati wa kumteremsha kaburini. Alileta koti la marehemu, na bahasha zilizobaki, zimefungwa kwa kamba. Ndugu wa mume wakaanza kuandaa kilio, na mama yule akaja dukani kununua kaniki.

Nilikuwa nampimia kitambaa kaka alipoingia na barua za siku hiyo, akazimwaga kwenye kaunta. Nikauona mwandiko wangu. Stempu ilikuwa chini, kona ya kushoto, mfalme kichwa chini. Mfalme mwenyewe alikuwa amekwisha kufa, stempu za malkia zilikuwa zimeshaanza kutujia. Nikasoma muhuri: ulikuwa wa kule kule migodini, na tarehe yake ilikuwa baada ya siku ya maziko aliyoitaja jirani. Nilitamani kuificha, lakini mama alikuwa ameshaiona.

Aliachia kitambaa. "Mwanangu," akasema, "hiyo ni yake?"

"Mama, mimi sijui."

"Imebandikwa vipi?"

"Kama siku zote."

Jirani tulimwita, akaapa kwa Mungu kwamba hajatia posta chochote. Huenda mtu aliokota bahasha moja iliyodondoka, akaituma kwa huruma tu. Nimejiambia hivyo kwa miaka mingi, ila mtu huyo angejuaje kona ile?

Mama akakataa kilio. Kama mumewe yu hai, kumlilia ni kumchuria, na yeye hakuwa tayari kumuua mumewe kwa machozi. Mashemeji walikasirika: kama amekufa, basi wanamwacha ndugu yao bila kilio, kama mnyama wa porini. Wakasema amechanganyikiwa. Alikonda. Alirudi dukani peke yake.

"Amenisalimu," aliniambia, "nami sijawahi kumjibu hata mara moja. Niandikie yangu."

Tulipata anuani ya mgodi kwa jirani. Niliandika jina la mtu ambaye huenda yuko chini ya udongo. Mama akalamba stempu mwenyewe. Nilimwonyesha kona ya juu, kulia. Akaibandika chini, kushoto, kichwa chini.

"Ndani tuweke nini, mama?"

"Hatuweki kitu. Ataelewa."

Nilimweleza kwamba barua isiyo na mwenyewe hurudishwa na posta. Nilikuwa nimeona kadhaa, zimegongwa mihuri mpaka hazina nafasi, na mkusanyaji yeyote angezigombania. Hata mimi niliisubiri hiyo kwa tamaa na kwa hofu. Kila kaka alipomwaga barua nilizichambua kwa vidole vya baridi. Mvua zikaja, ulezi ukavunwa, na bahasha ile haikurudi. Wala upande wa pili hakikuja kitu tena.

Mama alipokuja nilimwamkia, akaitikia, hakuketi.

"Haijarudi?"

"Haijarudi, mama."

"Basi kaipata, huko aliko," akasema. "Ameniitikia. Sasa naweza kumwacha aende."

Akakaa chini pale pale kati ya magunia ya chumvi, akamlilia mumewe kwa sauti, kwa mara ya kwanza. Wateja wakatoka nje bila kuambiwa. Baba akafunga mlango wa duka, akarudi, akavua kofia, akakaa sakafuni karibu yake.