Mjomba Hajasema

Siku yangu ya kwanza kwenye utafiti ule, Mtafiti Mkuu alitukataza jambo moja. "Hapa ninyi si wauguzi. Mnauliza, mnaandika, mnaondoka. Anayeshawishi anaharibu kazi." Mimi niliyezeekea kwenye uuguzi nilikereka.

Corona ilikuwa imepita, nasi tulitumwa kujua kwa nini wazazi wanasitasita kuwachanja watoto. Kule tambarare, Mwembesongo na Mikese, hojaji, yaani maswali tuliyotakiwa kuyasoma kama yalivyo, ilikwenda vizuri. Kisha nikapandishwa milima ya Uluguru, wakati surua imeshaingia kijiji cha jirani na watu wameanza kuzika.

Huko kina mama walinijibu neno moja: "Mjomba hajasema." Kwa Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, na kaka wa mama ana sauti juu yake. Hojaji yetu haikumjua mjomba. Nikampigia Mkuu simu.

"Uliza wazazi tu, mama," alisema. "Hatubadilishi utafiti katikati."

Hata hivyo mama mmoja, Zena, alinipeleka kwa kaka yake, mgongoni kambeba mwanawe ambaye hajachanjwa. Tulimkuta mzee akibandua maganda ya mdalasini.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Wakati wa corona mlisema sindano ni hiari, kisha mkatulazimisha kwa vitisho. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka."

Nikasoma swali lililofuata. Hakulijibu. "Wako uliwachanja?"

Kanuni ilinitaka nisijibu. Zena alikuwa ananitazama, na mtoto alikuwa anacheza na kilemba cha mama yake.

"Wote," nikasema. "Na huyu angekuwa wangu, saa hizi ningekuwa njiani naye kwenda zahanati."

Mzee akaweka kisu chini. "Nipe mtoto," akamwambia dada yake, akaanza kuteremka naye mlima bila kutusubiri.

Nilipomweleza nilichofanya, Mkuu aliiondoa nyumba ile kwenye utafiti, na mkataba wangu ukaishia hapo. Hakunionea.

Siku hizi nimestaafu, nalima mchicha Kingolwira. Watafiti vijana huja kuniuliza kama kanuni ile ni ya haki. Nawaambia ndiyo, bila hiyo mtaletewa majibu ya kuwapendeza tu. Kisha nawasimulia simu ya Zena, surua ilipofika kijijini kwao. Alisema mwanawe hajambo, anacheza uwanjani peke yake, maana wenzake wote wamelazwa. Nilimshukuru Mungu, kisha nikalia.