Mlango wa Mzazi Haufunguliwi

Ketrina alikwishasuuza zile taulo nyeupe mara mbili tangu asubuhi, na wageni hawajafika. Kila lori lililopita kuelekea mpakani lilizirushia vumbi kambani. Naye akazianua, akazisuuza, akazianika upya, huku moyoni akisema, Bwana niongezee uvumilivu, maana huu nilio nao unaishia.

Mikono yake ilijulikana toka Hasamba alikozaliwa hadi Tunduma alikoolewa. Miaka thelathini alikuwa akikanda wazazi. Mwanamke akishajifungua, siku ya tatu anaitwa yeye, anakuja na mafuta yake ya alizeti, anachovya kitambaa kwenye maji ya moto, anakanda mpaka maziwa yashuke. Bei hataji. Huyu atampa sabuni, yule atamwombea, yote anapokea.

Kwa hiyo Sekela, binti wa kaka yake, alipofungua spa kando ya barabara kuu, mtu wa kwanza kumwita alikuwa yeye. Ukutani alibandika picha za Ulaya.

"Shangazi, hawa wa Hungaria. Wazee kwa vijana wanakaa kwenye maji ya moto kutwa nzima, wengine wanacheza drafti humo humo. Hawa wa Ufini, wanajifungia kwenye chumba cha mvuke, wakitoka wanajitosa kwenye theluji. Na kule Italia wanapakwa matope."

"Matope?" Ketrina akashangaa. "Na wanalipa?"

"Wanalipa, tena wanapanda ndege kuyafuata."

"Basi masika yote ya Hasamba yametupita bure."

Siku hiyo Gibson, mtembeza watalii, alikuwa aje na Wazungu wawili wanaotafuta mahali pa kupumzishia wageni wao wakitoka kwenye chemchemi za maji moto. Wakipapenda, Sekela ana wateja wa mwaka mzima. Walisema saa nne. Mabomba yalikuwa makavu siku ya tatu, kwa hiyo Sekela alinunua maji ya lori la boza, akajaza sufuria kubwa, akaipandisha kwenye jiko la mkaa.

Saa sita Gibson akapiga simu: wako Mlowo, foleni ya malori haisogei. Saa nane akapiga tena: wamefika Vwawa, wanapiga picha kahawa iliyoanikwa.

Hapo ndipo Fides, jirani yake Ketrina, alipoingia anahema na kumkabili.

"Mama Osea, unatufanyia nini? Matiti ya mwanangu Aida yamekuwa mawe! Mtoto anashika, anaachia, analia tangu alfajiri. Si ulisema leo asubuhi?"

"Nilisema, mama. Nangoja wageni."

"Wageni! Na huyu aliyezaliwa juzi ni mwenyeji?"

Ketrina akainamisha kichwa. "Nyumbani kuna maji?"

"Yatoke wapi?"

Akamgeukia Sekela. "Nipe ndoo moja tu, mwanangu."

"Shangazi, ukivuka tu huo mlango watafika. Vumilia nusu saa."

Nusu saa ikapita, na nyingine. Gibson akapiga: sasa wanakula. Maji yalichemka, yakapoa, yakachemshwa tena, mara tatu, kwa ajili ya watu wasioumwa popote. Ketrina aliyatazama mpaka macho yakamuuma. Sekela alipotoka kwenda kuchungulia barabarani, Ketrina akamwambia Fides, "Kamlete."

Aida akaletwa na bajaji, mtoto kifuani, kajifunika blanketi. Ketrina akamlaza kwenye kitanda cheupe, akafunga mlango kwa komeo, akaomba kwa kifupi, akachovya taulo.

"Mama wee! Una mikono ya chuma!" Aida akapiga kelele.

"Nitukane, mwanangu. Tukana tu."

Honi ikalia nje. Kisha mlango ukagongwa.

"Shangazi! Wamefika! Fungua!"

"Humu kuna mzazi."

"Mzazi gani tena? Shangazi, nakuomba!"

"Sekela. Kuna mzazi, anakandwa."

Kule kwao mlango wa mzazi anayekandwa haufunguliwi mpaka afunikwe na jasho limkauke, asipigwe na upepo. Hata mumewe hungoja nje. Sekela mwenyewe alipomzaa Dennis, Ketrina alimsimamisha mchungaji uani hadi alipomaliza. Mlango ukagongwa mara moja zaidi, polepole, kisha nyayo za Sekela zikarudi kwa wageni.

Wageni walikaa kwenye benchi, malori yakiwapumulia moshi. Robo saa ilipokwisha, Gibson akasema lazima wavuke mpaka kwenda Nakonde, upande wa Zambia, kabla jioni haijaingia. Wakapiga picha kibao cha spa, wakaondoka.

Ndani, maziwa yalishuka. Mtoto akashika, na kwa mara ya kwanza tangu alfajiri ikasikika sauti yake ya kumeza.

Fides alipokwisha kumchukua mwanawe na mjukuu, Sekela aliingia, macho mekundu.

"Ungenipa robo saa tu, shangazi."

"Nimekupa tangu saa nne."

"Gibson anasema labda mwakani."

Ketrina hakujuta, wala hakufurahi. Mtoto ameshiba, Sekela amepoteza wateja, naye hakujua aliombee lipi kwanza. Akaokota taulo, moja moja, zimelowa mafuta na maziwa, akaenda nazo kwenye sufuria.

Maji ya kuzifulia yalikuwa yamekwisha.