Chupa ya Baba Niliyoiona Segera

Nichekeni tu, nimeyataka mwenyewe. Marehemu baba yangu aliuza soda kwa abiria wa treni pale stesheni ya Korogwe, na tangu afariki natamani nipate hata chupa moja ya enzi zake. Basi nilivyohitimu masomo ya jioni ya mambo ya kale, nikajiona profesa wa chupa kuukuu na vizibo vyake.

Juzi Segera, kwa mama ntilie, nikaiona moja mezani. Maandishi yamefutika, ubavu laini kama shavu la mtoto, vumbi jeupe limeganda shingoni. Nikainyanyua mbele ya wateja wote.

"Hii ina nusu karne! Imesuguana na nyingine kwenye makreti mpaka rangi ikaisha. Baba ameishika hii!"

Nikaibusu. Machozi yakanilenga.

"Kaka yangu," mama ntilie akasema, "hebu nirudishie, chapati zinanisubiri."

"Chapati na chupa ya kale wapi na wapi?"

"Si ndiyo ninayosukumia! Soda yake niliinywa mwenyewe mwaka juzi."

Kibanda kizima kikaangua kicheko. Mimi, unga mdomoni, nilikuwa bado nimeikumbatia, mikono ikikataa kuiachia.