Usinifupishe

Shangazi yangu alikuwa na ulimi wa pilipili. Aliuza asali Itetemia, na mteja asiyempenda aliambiwa imekwisha huku ndoo imejaa mbele yake. Hakujua kusoma, lakini nilipoanza kuandika hadithi ndiye niliyekuwa namsomea, na kila nikifika mwisho alinuna. "Mbona imeisha mapema?"

Mwaka jana, akiwa kitandani, aliniambia, "Nikifa, wasifu wangu uandike wewe, mwanangu. Na usinifupishe." Nikamwahidi.

Alipofariki nilikuwa na siku nzima ya kuandika. Lakini siku hizi siandiki tena kwa kirefu. Naandika ujumbe wa mistari miwili, na kinachozidi hapo naiachia akili mnemba ya kwenye simu. Nikaiambia: mwanamke, mzee, muuza asali, Tabora. Chai haijapoa, wasifu ukawa tayari. Nikausifu hata ufasaha wake.

Makaburini nikausoma kwa sauti ya mtu aliyekesha akiandika. "Marehemu alikuwa mpole, mnyenyekevu, na nguzo imara ya jamii..."

"Simama hapo hapo!"

Alikuwa mtani wetu, mama wa Kizaramo anayekaa Gongoni. Sisi Wanyamwezi tumetaniana nao tangu babu zetu wakibeba mizigo kwenda pwani, na msibani mtani hazuiliwi na mtu, hata mchungaji. Akaligonga jeneza.

"Mpole? Hebu fungueni! Mmetuletea maiti ya watu! Wetu yuko wapi?"

Watu wakaangua kicheko. Nikacheka nao, uso ukiniwaka. Kisha akaanza kusimulia habari za shangazi: jinsi alivyomfukuza mwizi wa kuku kwa mwiko, halafu akamwita arudi ale, maana alimwona amekonda. Alisimulia mpaka jua likageuka, na sikuona mtu aliyetazama simu. Karatasi yangu niliikunja nikaitia mfukoni. Niliona aibu mbele ya watu, lakini aibu kubwa zaidi ilikuwa mbele ya yule aliyelala ndani ya jeneza.

Matanga yalipoanuliwa nikaketi nimwandike upya, kwa mkono wangu. Nikaandika kwamba alikuwa na ulimi wa pilipili. Nikaandika habari ya ndoo ya asali. Nikaandika kwamba hadithi zikiisha alinuna.

Hapo nikakwama. Nikaichukua simu, nikainakilia sentensi zangu tatu, nikaongeza neno moja: "Endeleza."