Mlango wa Gesti ya Mtaa wa Kongo

Wauza nguo wa Mtaa wa Kongo walikuwa wameshakubaliana kwamba Sitara ana bwana. Ushahidi waliuona wenyewe. Katikati ya kupatana bei, mteja ameshashika dera mkononi, Sitara alikuwa akiacha kila kitu na kuingia kwenye gesti iliyo mkabala na meza yake. Akirudi, uso umempauka, jasho linamtoka. Na kila mwezi alizidi kukonda.

"Mapenzi ya mchana yanakausha mwili," alisema Mektilda, jirani yake wa meza, muuza mitandio.

Sitara hakubisha. Gesti ile ilikuwa na choo safi chenye maji, na mhudumu wake alimruhusu bila maswali. Utumbo wake ulikuwa na vidonda. Ni ugonjwa wa Crohn, daktari alimwambia: kinga ya mwili inaugeukia utumbo wa mwenyewe. Hauambukizi, hauponi, unatulizwa kwa dawa. Lakini nani angeyaeleza hayo kwa mteja anayejaribu dera? Mtaani yangebaki maneno mawili tu: Sitara anahara. Alikuwa ameachika, na meza ile ndiyo inayomlisha yeye na mama yake. Aliona heri aitwe mhuni kuliko wateja waiogope mikono yake.

Kwa hiyo matembezi ya hisani aliyakubali kwa shingo upande. Kikundi cha wagonjwa wenzake kilikuwa kinachangisha fedha za kipimo cha kamera ya kuangalia utumbo kwa wasiojiweza. Yeye mwenyewe alitibiwa taifodi na minyoo kwa miaka, akanyweshwa hata mizizi, mpaka kikundi hicho kilipomlipia kipimo. Angekataaje? Alimuuliza jambo moja tu Mama Theopista, muuguzi mstaafu anayekiongoza.

"Hatupiti Kongo, mama?"

"Tunanyoosha Barabara ya Uhuru mpaka Ilala. Kongo tukafuate nini, vitenge?"

Jumapili asubuhi wakaondoka Mnazi Mmoja, matarumbeta mbele, fulana za zambarau nyuma. Sitara hakuwa ametia kitu tumboni tangu jana mchana. Vyoo vyote vya njia ile alikuwa navyo kichwani: msikiti, kituo cha mafuta, mgahawa wa mtu anayemfahamu. Tumbo lilikuwa kimya, na hata akaanza kuyafurahia matarumbeta.

Kabla ya makutano ya Msimbazi wakakuta bomba limepasuka, barabara imegeuka mto. Trafiki akawaonyesha kwa mkono: kulia. Kulia kulikuwa Kongo.

"Mama, mimi narudi."

"Urudi wapi, mwanangu? Nyuma magari yameshafunguliwa njia." Mama Theopista akamshika mkono. Tumbo likasokota papo hapo.

Sitara aliyajua maumivu yake. Msokoto wa kwanza huonya. Wa pili hausubiri. Akatembea akiwa amekaza meno, macho chini, huku mtaa ukisimama kutazama.

"Jamani, si Sitara huyo!" Sauti ya Mektilda ilipanda juu ya matarumbeta. "Kumbe leo ndoa! Bwana harusi yupi?"

"Mpiga ngoma kubwa!" akadakia muuza viatu. Watu wakacheka.

Msokoto wa pili ukaja. Mlango wa gesti ulikuwa pale, hatua chache. Angeupita, haja ingemtoka barabarani mbele ya wote. Angeingia, wote wangeona anapoingia. Akaponyoka mkononi mwa Mama Theopista, akakimbia.

"Hee! Hata leo kashindwa kuvumilia!"

Kutoka chooni aliwasikia. "Mtoeni na huyo mwanaume tumwone!" Alipomaliza akabaki ameegemea ukuta. Matarumbeta yalikuwa yanakwenda mbali. Angeweza kungoja mpaka watawanyike. Lakini kesho wangekuwapo, na keshokutwa, na yeye angekuwa bado anakimbia na bado ananyamaza. Akanawa, akatoka.

Mektilda alikuwa amesimama mlangoni, mikono kiunoni. "Yuko wapi?"

"Ingia ukamwone. Mlango wa mwisho, kushoto. Ni choo, Mektilda. Miaka yote hii ni choo tu. Nina vidonda kwenye utumbo. Nikibanwa, sina ujanja."

Mtu mmoja alianza kucheka, akaacha.

"Inaambukiza hiyo?" Mektilda aliuliza, sauti imeshuka.

"Haiambukizi. Hebu nipe maji."

Mektilda aliitazama chupa yake, aliyokwisha kuinywa nusu. Akampa. Sitara akapiga mafunda mawili, akamrudishia. Mkono wa Mektilda ukainuka, ukashuka.

"Kaa nayo tu, shoga. Ilala mbali."

Sitara alielewa. Akafunga kizibo, akashika njia katikati ya barabara kuwafuata wenzake. Watu wakampisha. Walimpisha zaidi ya ilivyohitajika.