Vinundu vya Mgunga Vilivyonichora Uso

Kucheka peke yangu nimechoka, chekeni nanyi. Nilikuwa mwalimu wa kemia Segese, mwenye miaka arobaini na sita, na wakwe watarajiwa nilikuwa nimewaambia thelathini na tano.

Kitabu kikanidokeza kuwa vinundu vinavyoota kwenye matawi ya mti wadudu wakitaga mayai vina kemikali za asili zinazozuia mafuta kuchacha na ngozi kuzeeka. Nikachuma vya mgunga, nikaazima karai la kuoshea dhahabu la jirani yangu, Mama Kulwa, lililojaa kutu, nikavichemsha humo. Nikanawa uso kwa maji yake mara tatu.

Ukweni Ushirombo nilifika nang'aa. Mwalimu mzima nimesahau kwamba maji ya vinundu yakichanganyika na kutu, hewa huyageuza wino taratibu!

Mazungumzo yalipokolea, ghafla wote wakanikodolea macho. Shangazi wa mchumba wangu akanipa kioo. Kila kunyanzi usoni lilikuwa limechorwa mstari mweusi, hata yale ambayo mimi mwenyewe sikuyajua.

Baba mkwe akavaa miwani, akasogeza kiti.

"Mwalimu, hebu turudie. Ulisema una miaka mingapi?"