Nilivyolikata Gauni la Nekesa

Siku yangu ya kwanza kazini, Mkuu wa Mavazi aliniuliza nimesoma mpaka wapi. Nikamwambia nina digrii ya fasihi. Alinitazama juu ya miwani, kisha akanisukumia pasi. "Basi anza na hii," akasema. "Ukiunguza kitu, usinieleze kwa mafumbo."

Niieleze kazi yenyewe, maana vijana wanaojiunga nasi siku hizi hudhani mambo yalianza na simu zao. Sisi mashoga wa Kitale na Bungoma tulikuwa na onyesho la dragi mara moja kwa mwaka: wanaume wanavaa magauni, wanajipodoa, wanapanda jukwaani na kuigiza nyimbo. Kiingilio kilikuwa blanketi moja jipya, na mablanketi yote yalikwenda kwa wazee wa mtaa wa mabanda wa Kipsongo, ambako baridi ya Julai hupita kwenye kuta za nailoni bila kubisha hodi. Onyesho lilianza saa nane mchana. Usiku ndio majirani huuliza maswali. Mchana, muziki na magauni ni harusi ya mtu tu.

Vyeo tulikuwa navyo kama idara ya serikali. Mwenyekiti alikuwa nesi mstaafu aliyezungumza polepole, kama anayetafuta mshipa. Mkuu wa Mavazi alikuwa fundi cherehani mwenye chumba nyuma ya soko la Kitale. Mimi nilikuwa Msaidizi wa Mavazi, na chini yangu palikuwa na pasi peke yake.

Makalio tuliyachonga kutoka godoro kuukuu. Sponji hukatwa kwa umbo la parachichi lililopasuliwa, kingo zikapunguzwa kwa wembe, kisha hushikizwa kwa soksi ndefu mbili zilizovaliwa moja juu ya nyingine. Kwa hiyo sheria ya kwanza: mtu hupimwa akiwa amevaa sponji zake na viatu vyake. Sheria ya pili ni nafasi ya mshono, yaani kitambaa cha ziada kinachofichwa ndani ili nguo iweze kupanuliwa baadaye. Mkuu alitaka vidole viwili kila upande. "Mama wa hapa huvaa gauni moja miaka ishirini," aliniambia. "Unadhani hunenepa kwa ruhusa ya fundi?"

Baada ya miaka mitano ya pasi na vifungo nilipandishwa cheo na kuhamishiwa Bungoma. Kituo changu kilikuwa chumba kimoja pale Kanduyi, nyuma ya duka la mbegu, chenye cherehani ya miguu na pazia. Nilitazama mlango kuliko nilivyotazama sindano. Siku moja jirani yangu, mwanakwaya, alichungulia akaona gauni mezani.

"Fundi, nguo kubwa hivi ni ya nani?"

"Ya kwaya fulani ya Saboti, mama."

"Hao wa Saboti wako na mabega, bana."

Akaenda zake akicheka. Mimi niliushona mkono mmoja mara mbili.

Wekesa alinijia hapo, na furushi kwapani. Alikuwa dereva wa trekta, na jukwaani alijiita Nekesa. Hakulitafuta jina mbali: kwa Wabukusu, mvulana wa msimu wa mavuno ni Wekesa, msichana ni Nekesa. Ndani ya furushi mlikuwa na kitenge cha mama yake, alichonunua akafariki kabla hakijashonwa.

"Ni hii tu, fundi, hakuna ingine," akasema. "Nasimiyu amekubali kuja."

Nasimiyu alikuwa dada yake. Tangu mazishi ya mama yao hawakuwa wamesemezana, kwa sababu ya mambo haya haya ya magauni.

Sasa nikiri. Sponji za Wekesa zilikuwa Kitale. Pikipiki ilisimama nje ya mlango, nikahofia ni mtu wa kuchungulia, nikampima hivyo hivyo nikijiambia nitaongeza makalio kwa makadirio. Sikuongeza. Isitoshe, nilikuwa nimetazama kwenye simu mafundi wa ng'ambo wenye mishono iliyolala kama karatasi. Nikaikata nafasi ya mshono ikabaki nusu kidole. Gauni lilipokamilika nilijipongeza kwa chai.

Jumamosi ya onyesho, saa sita, kule Kitale, gauni lilikwama kwenye makalio ya Wekesa na halikupanda tena. Mkuu wa Mavazi aliugeuza mshono ndani nje.

"Vidole viwili viko wapi?"

"Nilipunguza. Ilikuwa nadhifu zaidi."

"Nadhifu," akasema, kama anayeonja maziwa yaliyochacha.

Mwenyekiti akashauri Wekesa avae lile jekundu la mwaka uliopita.

"Hapana," Wekesa akasema. "Nasimiyu anajua hii kitenge. Alikuwa dukani na Mama siku ilinunuliwa. Nikitoka na ingine, atakuwa amekuja kuona tu wanaume wamevaa nguo." Akavua soksi, sponji zikaanguka sakafuni. "Fungeni zipu."

"Ati Nekesa atapanda kama mwiko?" akauliza mmoja aliyekuwa akijipodoa kwenye kioo.

"Mwiko unapika," Wekesa akamjibu. "Wewe kifuniko nyamaza."

Zipu ikapanda. Gauni likateremka wima kutoka kifuani hadi kwenye vifundo vya miguu, bila kona hata moja. Nilisimama nyuma ya pazia nikichungulia. Nasimiyu alikaa kiti cha mwisho, blanketi mapajani. Hakuwa amelikabidhi mlangoni, kama mtu aliyejiachia nafasi ya kuondoka nalo.

Wekesa alipotoka, vigelegele vilichelewa. Watu walizoea Nekesa wa makalio. Nasimiyu akainuka. Nilijua anaondoka, na nilijua ni kwa ajili ya mkasi wangu. Lakini alipita katikati ya viti hadi mbele, akashika pindo la gauni, akalipapasa.

"Mama angelivaa angeonekana hivi hivi," akasema. "Makalio hakuwa nayo, yule. Alisema Mungu alimnyima huko akamwongezea mdomo."

Wekesa alicheka mpaka wanja ukamfika kidevuni. Ndipo vigelegele vikaja.

Nilistaafu mwaka jana, macho yakishindwa na tundu la sindano. Vijana huniuliza siri ya ule mkato ulionyooka, nami, Mungu anisamehe, huwa natikisa kichwa kama anayejua. Ukweli ni kwamba baada ya onyesho ndugu wale wawili waliondoka pamoja, Wekesa ndani ya suruali yake, dadake amelibeba gauni kifuani. Nilimwambia Nasimiyu alirudishe Kanduyi, nilitengeneze vizuri. Nililingoja miaka yote iliyobaki, nikiinua kichwa kila mlango ulipolia. Nguo mbaya hurudi kwa fundi wiki hiyo hiyo. Ile haikurudi.